Fundi Juu ya Mnara

Haya yalimpata rafiki yangu Theuri, mpiga picha wa Nyeri, mwaka wa sabini na moja. Akipiga picha ya mnara mpya wa kanisa kule Wamagana, alitaka urefu wake uonekane, akamwita fundi aliyekuwa juu: “Kahiga, songa ukingoni kidogo. Ongeza.” Kahiga akasonga, akaanguka, akafa.

Theuri alimwambia padre kwamba fundi aliteleza tu.

Akajifungia kwenye chumba cha giza kusafisha ile picha, akaikata juu ili Kahiga asionekane. Lakini karatasi ilipolowa dawa, Kahiga alitokea dirishani mwa mnara. Theuri akakata tena, chini ya dirisha. Kahiga akatokea mlangoni.

Akazima taa nyekundu ya kusafishia picha asimwone. Gizani, karibu na sikio lake, mtu akauliza kwa upole: “Bado nisonge, Theuri?”