Magogo Mabichi

"Tusogeze harusi mbele."

Ujumbe wa msusi ulimkuta mchumba wake kiwanjani alipokuwa akijenga nyumba yao, mwiko mkononi. Alikuwa seremala, na kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Mrefu. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kimya. Akaenda saluni na tope lake miguuni.

"Kama umepata mwingine, niambie tu."

"Mwingine nimtoe wapi, na wewe hunipi hata nafasi ya kupumua?"

Mteja aliyekuwa akisukwa alicheka chinichini.

"Asubuhi nilipita kiwanjani," msusi aliendelea. "Magogo unayojengea ni mabichi."

Ilikuwa kweli. Ili nyumba iwe ya bei nafuu, ukuta ulikuwa wa vipande vya magogo, vimelazwa kama kuni, ncha zikitazama nje, vikishikwa na udongo uliochanganywa na chokaa. Gogo bichi likikauka hunywea, ukuta ukaacha mianya.

"Wewe seremala. Ungemuuzia mteja kitanda cha mbao mbichi?"

"Hapana."

"Ila mimi ndiye wa kulala kwenye upepo?"

"Mama yako alisema huolewi mpaka niwe na nyumba. Niliona nikisubiri yakauke, nitakukosa."

Msusi akaacha kusuka.

"Kwani anayeolewa ni mama?"

Jioni walikwenda kwa mama wote wawili. Mrefu alieleza bila kuficha: ukuta ameuanza vibaya, ataubomoa, magogo yaanikwe mpaka yakauke.

"Na mwanangu akae wapi?"

"Kwenye chumba changu cha kupanga, mama. Ukituruhusu."

"Ungeweza kunidanganya, nikaja kujua nikiwa bibi." Mama akamgeukia binti yake. "Unamtaka hivi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Haya, oaneni. Magogo ndiyo ya kuanikwa, si nyie."

Wakaoana. Kiangazi kilipoisha, magogo yalikuwa makavu na mepesi, wakaanza ukuta upya. Mama mkwe alikuja kukanyaga udongo, akimwelekeza mkwewe kila kipande kana kwamba yeye ndiye fundi.

"Hicho kiweke kule."

"Sawa, mama," Mrefu aliitikia, akakiweka alipotaka mwenyewe.

Mkewe alimwona, akasogea kumpokeza kipande kingine.

"Mume wangu," alimnong'oneza, "hapo ni chumba cha nani?"

"Cha mama. Amesema atakuwa anakuja kulala."

"Basi huo ukuta uongeze unene."