Chumba cha Sita Ndani ya Kuvezi

Cheka. Cheka mpaka meno ya nyuma yaonekane. Weye unayefikiri majini yanakaa mitoni na penye mawe makubwa tu, kama vile yanaogopa umeme, kama vile hayakusoma. Ukimaliza kucheka, funga kinywa, usikie yaliyompata Kahindo pale Bunia, mwaka ule bunduki zilipokuwa zimenyamaza lakini watu bado wanalala na viatu karibu na kitanda.

Kahindo alikuwa fundi. Yeye na kaka yake Kamate walitengeneza kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, wakalitengenezea maternité, nyumba ya kuzalia, moja ndogo ya Mudzipela. Tumboni mwake walitia kompyuta isiyozidi kiberiti. Ilikuwa na kazi tano: moja ya kupima joto, moja ya kuliwasha, moja ya kuzungusha hewa, moja ya kuonyesha namba, na moja ya kupiga kengele hatari ikija. Kazi hizo zinapokezana upesi sana, kila moja inasimamishwa katikati ili nyingine ipite. Kwa hiyo kila kazi ina chumba chake ndani ya kumbukumbu ya mashine. Inaacha humo vitu vilivyokuwa mkononi, na ikirudi inavishika tena, inaendelea palepale. Kati ya chumba na chumba hakuna ukuta. Anayejaza chake kupita kiasi anakanyaga cha jirani.

Sasa sikia ujanja wa mafundi. Kazi mpya, ambayo haijafanya lolote tangu dunia iumbwe, inaandaliwa chumba kana kwamba ilikwisha kuwako. Kwanza wanapaka chumba kizima namba moja ileile, kama chokaa, ili baadaye waone mwenyeji amefika wapi. Halafu kule juu wanaandika maisha ya uongo: ulisimama hapa, mkononi ulishika hiki na hiki. Mashine inaamini. Inamwita arudi, naye anarudi, ingawa hakuwahi kuondoka popote.

Kamate alitoka asubuhi moja kwa pikipiki kwenda kununua betri, kwenye njia ya Komanda. Pikipiki ilipatikana. Yeye hakupatikana. Miaka miwili ikapita, na nyumbani hakuna aliyetamka neno la kufa, maana maiti haikuonekana. Mama yao alitandika shati na suruali ya Kamate kitandani, akakataa matanga, akaendelea kukataa mpaka akazikwa yeye. Kahindo akabaki na nyumba nzima na meza mbili za kazi.

Hapo ndipo alipofanya ujinga ambao mtu wa nyumba ile tu angeufanya. Aliandaa chumba cha sita. Hakukipa kazi, kingoje tu. Mahali pa maisha ya uongo akaandika ya kweli: tarehe ya kuzaliwa ya Kamate, namba yake ya simu, siku aliyoondoka, hata namna alivyogonga mlango. Akapaka chokaa, akafunga sanduku, akalipeleka maternité.

Wiki iliyofuata alikuja kukagua, akaunganisha waya na kompyuta yake ya mkononi ili avisome vyumba. Katika chumba cha sita chokaa ilikuwa imelika kidogo, kama mahali ukucha ulipopita.

Akasema ni kosa lake. Kesho yake, robo ya chumba ilikuwa imelika. Na mchana ule, joto likiwa sawa na hatari hakuna, kengele ikagonga polepole: ko, ko-ko. Kamate alikuwa anagonga mlango hivyo.

Je, alikimbia? Alivuta kiti. Kuanzia siku ile, kila siku saa sita mchana alikuwa pale, anasimulia kama mtu aliyetoka sokoni. "Kamate, unajua Delphin ameoa tena? Mjinga ule, na ya kwanza ilimushinda." Ko, ko-ko. Kulikuwa na harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa siku nyingi. Hakuuliza inatoka wapi. Miaka miwili hakuna aliyekuwa amemjibu.

Ndipo ikaja Alhamisi. Muuguzi, Mama Godelive, mwanamke wa maombi asiyependa maneno mengi, alimshika mkono.

"Kahindo. Mutoto iko baridi."

Ndani ya kuvezi alikuwamo mtoto wa mama mmoja aitwaye Alliance, kilo moja na gramu mia mbili. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Kahindo akaunganisha waya, akatazama. Chumba cha sita kilikuwa kimelika mpaka chini kabisa, na chini yake kilikuwa chumba cha kazi ya kuwasha joto.

"Saa sita unasemaka na nani humu?" Godelive alinong'ona.

"Na Kamate. Nilimwandikia chumba humu."

Godelive hakucheka. Alimtoa mtoto, akamfunga kifuani chini ya kitenge. "Umuulize kintu yenye weye hukuandika."

Kahindo akainama, akaanza na lile aliloliandika. "Kamate, ulizaliwa tarehe ngapi?"

Kengele ikapiga mara kumi na saba, tarehe yenyewe.

"Mama alituzaa wangapi?"

Moja, mbili, tatu, nne, na Kahindo akashusha pumzi kwa sababu walikuwa wanne, lakini kengele ikapiga tano, ikapiga sita, ikapiga kumi, ikapiga bila kupumua kama mtu anayetafuta jibu gizani kwa kugusa kila kitu, na harufu ile mbichi ikapanda mpaka ikamkaa kooni, na namba za joto zikashuka thelathini na tatu, thelathini na mbili, thelathini, na katika chumba cha joto chokaa ikawa inafutika mbele ya macho yake, mstari kwa mstari, kitu kile kikishuka bila haraka kama mwenye nyumba.

"Kilijua tu yale niliyoandika," akasema.

"Futa."

"Nikifuta, atarudi wapi?"

"Yee haiko humo. Weye uliita, kintu ingine ikaitika." Godelive alibana kitenge. "Mashine ingine haiko, na hospitali ya Nyankunde ni mbali. Hii mutoto ninaweza mupa joto saa moja, haipite. Futa, na useme ile neno mama yako alikataa."

Kwenye kompyuta yake Kahindo akafuta mistari ya programu iliyoandaa chumba cha sita. Ikabaki kupeleka programu mpya kwenye mashine, kidole kimoja tu. Kengele ikalainika. Ko, ko-ko. Ko, ko-ko. Taratibu, kama mtu aliyechoka na safari, aliyelowa, anayeomba afunguliwe.

"Kamate alikufa," akasema Kahindo, akabonyeza.

Kengele ikakatika katikati. Taa zikazima, zikawaka. Vyumba vitano. Namba zikaanza kupanda: thelathini na moja, mbili, tatu. Ikabaki harufu ya sabuni. Walipomrudisha mtoto, akakunja uso, akalia kilio chembamba kama cha paka.

"Ilienda?" Godelive akauliza.

"Ilienda."

"Siku ya Mungu ku kanisa nitangaze matanga?"

Kahindo alikunja waya, akaiweka ndani ya mfuko.

"Tangaza."

"Ukae basi, tukule."

"Hapana, mama. Nguo zake zingali kitandani."

Akatoka, akafunga mlango.