Wimbo wa Dirisha Una Mwenyewe

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo wasemavyo watu. Lakini chema kinachokaa kimya nyumbani hakijiuzi. Huuzwa na wengine, na mwenyewe akabaki kuuliza bei.

Fundi alikuwa na chema cha namna hiyo, na kwa miaka mingi hakukijali.

Alikuwa mshonaji wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, ukuta mmoja na saluni ya Msusi. Kila asubuhi Msusi aliwasha redio kabla hata ya kufungua madirisha. Muziki wa redio na mlio wa cherehani vilishindana hadi jioni. Siku hizi cherehani ilishindwa mapema. Macho ya Fundi yalikuwa yamechoka. Kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kulimtoa jasho, na mara nyingi alimwita Msusi amsaidie. Pindo zake zilianza kwenda upande. Wateja waliona, wakaanza kupungua bila kusema. Fundi alijiuliza atakula nini macho yakigoma kabisa.

Siku moja redio ilipiga wimbo ule.

Mama fungua dirisha,
usiku umeshakwisha,
sauti yako yatosha
nyumba yote kuamsha.

Saluni nzima iliimba, hata mteja aliyekuwa ameinamisha kichwa ndani ya beseni. Nani hakuujua wimbo wa dirisha? Watu waliusikia wakiwa mgongoni mwa mama zao.

Mguu wa Fundi ulifuata mapigo wenyewe. Mawazoni alimwona tena mama yake, mwanamke mfupi mwenye haraka. Alikuwa akisukuma mbao za dirisha kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa na unga. Kisha aliita watoto wote kwa majina, hata waliokwishaamka. Nyumba ile haipo tena. Dirisha lenyewe liliuzwa pamoja na mabati. Lakini wimbo ukipigwa, mbao zile hufunguka na mwanga huingia.

Wimbo haujaisha, akaingia binti mwenye mkoba begani na kitambulisho shingoni. Alikuwa afisa wa chama kinachokusanya mirabaha ya wasanii. Alimwambia Msusi kwamba biashara inayopigia wateja muziki inatakiwa kuwa na kibali, na kibali hulipiwa kila mwaka.

Msusi alishika kiuno. Redio aliinunua yeye, umeme alilipa yeye. Alitaka kujua kosa lake liko wapi.

"Sasa hata mbu akiimba humu ndani nimlipie?" aliuliza.

"Mbu umsamehe, dada. Yule anaimba kwa njaa yake," alijibu Afisa. "Lakini wateja wako wanakaa kwa raha kwa sababu pana muziki. Kuna mtu aliufanyia kazi muziki huo. Wewe ukisuka watu bure, utakula nywele?"

Wateja walicheka, na Msusi naye akashindwa kununa. Alimvutia mgeni kiti. Afisa akaeleza taratibu. Mrabaha ni malipo anayostahili msanii kazi yake inapotumiwa na wengine. Redio hulipa. Hoteli hulipa, kumbi hulipa, na saluni pia. Msanii hawezi kubisha hodi kila mlango, kwa hiyo chama humkusanyia. Kisha chama hugawa fedha kwa kufuata nyimbo zilizopigwa na wenye nyimbo hizo.

Msusi aliuliza swali la mfanyabiashara. Huu uliopigwa sasa hivi, fedha zake anapewa nani?

"Hakuna," alisema Afisa. "Umeandikwa kuwa ni wimbo wa jadi usio na mtunzi. Sisi hatuwezi kumlipa mtu tusiyemjua." Akamgeukia mshonaji pale barazani. "Shangazi, wewe ni mtu wa zamani kidogo. Unamjua mwenye wimbo huu?"

Fundi alijibu kama alivyojibu maisha yake yote.

"Wa zamani tu huo, mwanangu."

Afisa aliaga akaenda duka la pili. Jibu lile likamkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki.

Aliutunga yeye. Alikuwa msichana, na cherehani ilikuwa hii hii. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali, na asubuhi dirisha lilibaki limefungwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Fundi alikanyaga cherehani, maneno yakaja yakifuata mguu. Mama hakurudi. Kaka yake alikuwa mwimbaji wa bendi ya vijana. Alimwomba wimbo ule, naye akampa.

Siku ya kurekodi, Fundi aliwapelekea wanabendi mashati aliyowashonea. Mtu wa mitambo ya kurekodi aliuliza mtunzi ni nani. Macho yote yaligeuka mlangoni, alikosimama na mashati yake mikononi. Mama alikuwa amewafundisha kwamba msichana mwema hajisifu. Basi akasema, "Wa zamani tu." Ikaandikwa hivyo. Kaka yake alitazama viatu vyake.

Kutoka hapo wimbo ulimbeba kaka. Watu walisahau jina lake, wakamwita Dirisha. Mpaka leo alikuwa Mzee Dirisha, mrefu, kofia upande, mwepesi wa utani.

Wiki haikupita, akaja saluni kuwachokoza wateja kama kawaida yake. Wakamwomba aimbe. Sauti ilikuwa imepasuka kidogo, lakini utamu ulikuwa haujamwagika. Alipomaliza, msichana mmoja akamuuliza ni nani aliyetunga maneno matamu vile.

"Wa zamani huo, binti," alisema Dirisha. "Mimi niliuokota tu, nikaupa sauti."

Cherehani ilisimama.

"Hukuokota, kaka. Nilikupa," alisema Fundi. "Niliutunga mimi, mama alipolazwa. Nawe unajua."

Msusi alizima kikaushio cha nywele. Dirisha alijaribu kucheka, akauliza dada yake amekunywa nini leo. Hakuna aliyecheka naye. Aliweka kofia sawa, akatoka bila kuaga.

Fundi hakumfuata. Alikwenda kwanza ofisini kwa Afisa. Alimweleza yote, kisha akauliza kama hajachelewa. Afisa alimtuliza. Wimbo ni mali ya mtunzi tangu siku anapoutunga, alisema. Kuandikisha ndiko kunakokiwezesha chama kujua nani wa kulipwa. Alimtaka alete nakala ya kitambulisho, rekodi ya wimbo, na shahidi anayejua ulivyotungwa. Fundi aliuliza kuhusu fedha za miaka iliyopita. Afisa hakumdanganya. Hizo hangeweza kumwahidi.

Shahidi. Wanabendi wote walikuwa wamekwisha kufa. Alibaki mmoja tu.

Fundi alimkuta kaka yake ameketi kitandani. Gitaa lilining'inia ukutani, limebaki na nyuzi chache. Hakumkaribisha, lakini alisogea kidogo, naye akakaa.

"Mimi naitwa Dirisha, mdogo wangu," alisema. "Ukiuchukua wimbo, mimi nitaitwa nani?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Sauti ni yako," alisema. "Sikuja kuichukua. Yule binti ameniambia mwimbaji naye ana fungu lake. Mtunzi ana lake, mwimbaji ana lake. Wewe mbona hujawahi kupata hata senti? Kwa sababu sote wawili tuliuacha wimbo kama mbuzi asiye na kamba."

"Siku ile ulisema mwenyewe ni wa zamani. Mimi nilinyamaza tu."

"Mimi nilisema kwa sababu mama alinifundisha kutojisifu. Wewe ulinyamaza kwa sababu gani?"

Mzee Dirisha aliinuka, akapekua sanduku chini ya kitanda. Akatoa kaseti, imefungwa ndani ya shati la bendi. Ukosi ulikuwa umefifia, lakini mishono ilikuwa imara kama jana. Fundi aliishika mishono ile kwa vidole. Macho yake yalikuwa mazima siku zile.

"Mama alikuwa akiniita mimi mwisho," alisema Dirisha. "Unakumbuka? Majina yote kwanza, halafu langu."

"Kwa sababu wewe ulikuwa huamki."

Hapo ndipo alipocheka.

Walikwenda ofisini pamoja. Afisa aliwasomea kila mstari kabla ya kutia sahihi, naye Dirisha alithibitisha kwa maneno yake kwamba dada yake ndiye mtunzi. Waliandikiana makubaliano ya mafungu, kwa maana udugu ni udugu na maandishi ni maandishi. Kila mmoja aliandika jina la mrithi wake. Afisa akauliza kama kuna nyimbo nyingine. Zilikuwepo. Fundi alizitaja kwa majina, moja baada ya nyingine, kama mama alivyokuwa akiita watoto. Safari hii hakusema hata mmoja ni wa zamani.

Walisubiri miezi. Malipo ya kwanza hayakujenga ghorofa. Yalimnunulia Fundi miwani iliyopimwa na daktari wa macho, na fedha za mafuta ya cherehani zikabaki. Dirisha alitia gitaa nyuzi mpya. Malipo mengine yalifuata, madogo, lakini yakawa yanakuja. Pindo zikanyooka tena. Wateja wakarudi bila kusema, kama walivyoondoka. Na Msusi alibandika kibali chake ukutani, akawa anamwonyesha kila mteja kana kwamba wimbo ni wake.

Asubuhi moja redio ilipiga wimbo wa dirisha. Mtangazaji alimtaja mtunzi kwanza, kisha mwimbaji. Saluni ilishangilia. Fundi alijifanya anatafuta mkasi.

Mzee Dirisha alikuwepo. Alivuta kiti karibu na cherehani, akashusha sauti. Wimbo ni wako, alisema, hilo limekwisha. Lakini siku ile Fundi alimuumbua mbele ya wanawake wa saluni, yeye kaka yake mkubwa, kofia kichwani. Angeweza kumwita pembeni.

"Niombe radhi tu, yaishe," alisema.

Fundi alipitisha uzi kwenye tundu la sindano, mara moja tu. Akatazama shati la kaka yake.

"Kifungo chako kimelegea. Lete nikikaze," alisema. "Radhi siombi."