Benchi la Watoto wa Koboko

Driwaru alipiga magoti na birika la maji, kama afanyavyo binti yeyote wa Dadamu akiletewa wageni wa posa. Akamnawisha Mama Madina kutoka Koboko. Akamnawisha mwanawe Taban, akamtupia na tabasamu la siri. Mikono iliyofuata ilikuwa midogo.

Alipoinua macho, akakuta ni mwanafunzi wake!

– Hawah?

Mtoto akakimbilia mgongoni kwa Mama Madina.

– Hii dada yangu, – Taban akacheka. – Anakaa kwa shangazi hapa Dadamu. Nilikuficha hiyo makusudi, umufundishe kama watoto wengine, si kwa sababu yangu.

– Hawah, iko nini? – Mama Madina akauliza.

– Mama, hii ndiyo mwalimu ile anapigisha mimi magoti.

Kicheko cha Taban kikakatika.

– Kosa yake iko nini, Driwaru?

– Naita yeye, hajibu. Nilijua iko kiburi tu. Si unajua watoto ya askari ya Koboko...

Akajiuma ulimi. Wapi! Maji yakimwagika hayazoleki.

– Baba yetu alikuwa askari ya serikali ile ilianguka, ndiyo, – Taban alisema taratibu. – Mwaka ya themanini tulikimbia kwenda Sudan, Hawah iko mgongoni ya mama. Bomu ikaanguka karibu. Sikio yake ya kushoto haisikii. Ungeuliza mara moja tu.

Muhula mzima! Mwalimu mzima, cheti anacho, alimtupa mtoto benchi la nyuma pamoja na wenzake wa Koboko, akawaita vichwa vizito. Na yote aliyojua juu yao aliyaokota sokoni. Aibu ilimtafuna hadi akatamani ardhi ipasuke.

– Nisamehe, mama. Kesho naleta yeye mbele.

Hawah akachungulia.

– Na Sebit? Na ile wengine, wanabaki nyuma?

Hao wengine Driwaru hakuwajua hata majina. Kwake walikuwa "nyinyi wa Koboko", basi.

Mama Madina akainuka, akajifunga leso.

– Nakupenda, Driwaru, – Taban alisema. – Lakini posa itangoja. Enda kwanza ujue hao watoto.

Wakatoka. Driwaru akawakimbilia mpaka njiani, akachuchumaa upande wa kushoto wa Hawah, machozi yakimtoka.

– Sebit iko mutoto ya nani?

Hawah akamgeukia.

– Unasema nini, mwalimu?

Driwaru akazunguka upande wa kulia, akauliza tena.