Saa Iliyochelewa Ndani ya Kompyuta

Kila akitoka shule, Injinia hakuanza na chakula. Alitupa mkoba kitandani, akanawa mikono, akaingia chumba cha mayai. Jina hilo la Injinia alipewa na shangazi yake aliyemlea, kwa sababu mtoto huyo wa darasa la sita hakuweza kuona waya bila kuufuata hadi unakoishia. Na jina alilipenda, weee! Ukimwita kwa jina la shuleni, alijifanya hasikii.

Chumbani mlikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, kubwa kama kabati la nguo. Iliendeshwa na kompyuta ya kukunja iliyokaa mezani. Lakini programu ya kugeuza trei za mayai ilikuwa ya zamani, haikukubali kompyuta mpya. Kwa hiyo fundi alitengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya ile ya mezani kama mgeni katika nyumba ya mwenyeji. Mgeni huyo alikuwa na saa yake mwenyewe. Kwa saa hiyo mayai yaligeuzwa mara kwa mara, ili kifaranga asigande upande mmoja wa ganda.

Sasa saa ya mgeni ikawa inachelewa. Kila mchana Injinia alipofunua kompyuta aliikuta ingali asubuhi, hali saa ya mwenyeji iko sawa. Je, alisema? Thubutu! Injinia gani anashindwa na saa? Aliisogeza mbele kwa mkono, akaenda kula.

"Mashine inaendeleaje, Injinia wangu?" shangazi aliuliza kila aliporudi kutoka kibandani, alikouza chakula cha kuku.

"Safi kabisa, Shangazi!"

Haikuwa safi hata kidogo. Alasiri moja shangazi alifunga mapazia, akaanza kumulika mayai kwa tochi ili aone vifaranga wanavyokua.

"Mungu wangu! Hili limeganda upande. Na hili pia!" Alikaa chini palepale. Alikuwa ameacha kazi kiwandani kwa ajili ya mayai haya. Kisha hasira zikampanda. "Yule mama mfugaji kaniuzia mayai mabovu! Na anajiita rafiki yangu! Lete ndoo, tunayamwaga yote!"

Injinia alileta ndoo. Katika yai alilolishika aliona, kwa mwanga wa tochi, mishipa myekundu na kitone kinachopigapiga. Kilikuwa hai. Machozi yakamtoka.

"Usimwage, Shangazi. Mayai si mabovu. Saa ya mashine inachelewa kila siku, nami nimekuwa nikiisogeza kimyakimya. Niliona haya kusema nimeshindwa."

Shangazi alimfokea, na alistahili kufokewa. Lakini huku akifoka, kidole chake kilikuwa tayari kinatafuta namba ya fundi.

Fundi alifika upesi, hata kofia ya pikipiki hakuivua.

"Huwa inachelewa lini, mdogo wangu?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Shangazi anashinda nyumbani."

Wote wawili wakamgeukia shangazi.

"Mnanitazamia nini? Mimi hata kitufe sigusi! Nikitoka asubuhi nafunga kifuniko cha kompyuta tu, vumbi lisiingie."

Fundi akaangua kicheko. "Basi! Ukifunga kifuniko, mwenyeji analala na mgeni anasimama alipo. Mwenyeji akiamka anajua ni mchana, maana saa yake ina betri. Mgeni anaendelea alipoachia, anadhani ni asubuhi. Nawe mdogo wangu ulipomsogeza mbele, akaruka zamu zote za kugeuza mayai." Akajikuna kisogo. "Na mimi sina pa kujificha. Nilisahau kuunganisha saa zao."

Alifanya kazi akiwaonyesha kila hatua. Alizuia kompyuta isilale hata ikifungwa, kisha akaifanya saa ya mgeni ijipime kwa ya mwenyeji wakati wote.

"Haya, Injinia, iharibu."

Injinia aliirudisha saa nyuma. Wakasubiri, wote wameinamia meza. Mara saa ikajirekebisha yenyewe, na mashine ikanguruma, trei zikageuka.

"Imerudi!" Injinia aliruka hadi akajigonga rafuni. Shangazi alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Mayai machache yalikuwa yameharibika, hayo hayakuokoka. Lakini siku ya kuanguliwa ilipofika, nyumba nzima ilijaa mlio wa vifaranga, wa manjano, wenye njaa, wanakanyagana trei hadi trei. Shangazi alimwita mama mfugaji aje kuona mayai yake yalivyofanya, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha shangazi akamwekea Injinia kifaranga kiganjani.

"Sikiliza, mwanangu. Ile saa ilikuwa inatuambia kila siku kwamba kuna jambo, wewe ukawa unainyamazisha. Kitu kikiharibika usikifiche, sema, tutafute chanzo. Uliogopa, lakini ulisema. Mtu akikuuliza nani aliwaokoa hawa, mwambie ni ukweli wako."