Picha Aliyooneshwa Bi Mwatum

Soko la Darajani lilikuwa limepamba moto mkono wa mwanamume ulipomgusa Kidawa begani.

"Saadiya, hebu twende, jua kali!"

Kidawa akageuka, baibui lake la nakshi za zambarau likapepea. Mbele yake alisimama kijana wa kanzu nyeupe na kofia ya viua, uso umemsawijika.

"Lahaula! Samahani, bibie. Nimekufananisha na dada'ngu."

"Umeangalia baibui, hukuangalia mtu," Kidawa akacheka. "Usijali. Makosa kama haya ndo yanonipa mie mkate."

Alikuwa mwanasaikolojia, mawakili humwita mahakamani kueleza jinsi kumbukumbu ya shahidi inavyoweza kupotoka. Kijana yule, Suhaib, alikuwa fundi wa mafriji. Mwezi haukwisha, wakawa wanapigiana simu mpaka chaji inakata.

Kisha Bi Mwatum, mama yake Suhaib, akaporwa bangili za dhahabu. Kwenye gwaride la utambuzi kituoni polisi akamnyooshea kidole kijana aitwaye Simai.

"Mama alikuwa na hofu, mpenzi," Suhaib alisema kwenye simu. "Kabla ya gwaride nikamwonesha picha ya Simai iliyokuwa ikizunguka mitandaoni kuwa ndiye mwizi. Moyo ukamtulia."

Kidawa akashtuka. "Habibi, basi hakumtambua mwizi. Kaitambua picha yako. Nenda kaseme mahakamani."

"Nimuumbue mama? Na posa wiki ijayo?"

"Mtoto wa watu atafungwa."

"Ukisimama upande wake, posa hakuna!"

"Basi isiwepo. Mie nnakwenda."

Akakata simu, akalia, akanawa uso, akapiga pasi baibui.

Mahakamani Vuga, alikoitwa na wakili wa Simai kutoa ushahidi, mwendesha mashtaka alimkebehi. "Kwa hiyo Bi Mwatum, mtu mzima yule, mwongo?"

"Hasha. Anasema anachokiamini. Mtu akitangulia kuoneshwa sura moja, ataiona hiyo hiyo na kuapa kwa Mungu."

"Nani alimwonesha?"

Kidawa alijua kuwa la kuambiwa halisimami mahakamani. Akalikodolea macho benchi la nyuma, alikoinama Suhaib.

"Mwenyewe yumo humu. Kama ana moyo, atasema."

Kanzu ikachakarika, Suhaib akasimama.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Akaapishwa, akaeleza yote, mama yake akimtazama. Utambuzi ule ukatupwa, kesi ikafa, Simai akaenda kwao.

Suhaib alimkuta Kidawa nje.

"Mama kanuna. Kasema kwenu hatii mguu."

"Na wewe?"

"Ijumaa nnakuja na mjomba Msabah. Kuposa."

"Na akinuna mpaka harusini?"

"Sijui, Kidawa. Tutafanyaje?"

Kidawa akaufunga mtandio wake vizuri.

"Mwekee kiti cha mbele, anune kwa raha zake."