Punda wa Mzee Korane

Ee, Garissa ya siku zile! Hata vita vya waasi walioitwa shifta vilipopamba moto, asubuhi zake zilikuwa na utamu wake: ngamia wakilia kuelekea mtoni, na harufu ya chai ya iliki kila ua. Kila siku kabla ya shule, Lul na mama yake, Fatumo, walipeleka chai jela, alikofungwa baba yake, Korane.

Jela ilikuwa imejaa pomoni. Watu walilala kwa zamu. Asubuhi moja mkuu wa jela, Bwana Munyao, akatangaza getini kwamba waliokamatwa kwa makosa madogo, kama kutembea usiku saa za kafyu, wangeachiliwa. Waliokutwa na silaha wangebaki.

Majina yakasomwa. La Korane halikuwamo.

Lul akajipenyeza mpaka mbele. "Bwana, na baba yangu je?"

Munyao akapekua daftari. "Huyu alikiri mwenyewe. Alikuwa na bunduki."

"Bunduki!" Lul akamgeukia baba yake, aliyesimama nyuma ya seng'enge. "Aabo, uliwaambia nini?"

"Mimi nasema kweli tu," Korane akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi iko na bunda."

"Wallahi, ni punda, si bunduki!" Lul akapaza sauti. "Bwana, ulimi wake hauna 'p'! Mwambie aseme pilipili."

"Bilibili," akasema Korane, na watu wote wakaangua kicheko.

Munyao hakucheka. "Na kafyu? Aliivunja, hakuivunja?"

Fatumo akamfinya bintiye ili akatae. Tangazo ni tangazo, lakini nani angejua kama si mtego? Lul akababaika. Je, akimfunga baba yake kwa kinywa chake mwenyewe?

"Aliivunja, bwana," akasema, machozi yakimlengalenga. "Punda alikata kamba usiku, naye akatoka kumfuata."

Munyao akalikata neno 'bunduki' daftarini. "Wengi leo wameniapia kwamba hawakutoka nje kabisa. Nawe ungekataa, hata hiyo habari ya punda nisingeiamini. Mfungulieni!"

Njiani Korane alimshika bintiye bega, akamwambia kwa Kisomali, "Mwanangu, ukweli hatuchagui kipande kinachotufaa tu. Wewe umeusema wote, na leo nalala nyumbani."

Lul alitembea kando yake akimsikiliza akikohoa na kuburuta makubadhi, sauti aliyoikosa nyumbani kwa miezi minne.